Mbwa Akitweta: Istilahi za Dharura Kati ya Dallas na Houston

Kichaa cha mbwa ni jina la ugonjwa lililotungwa na mtu aliyesimama nje ya ua. Halisemi mbwa anaumwa nini. Linasema mbwa huyu mkimbie. Ndivyo ulivyo msamiati wetu mwingi wa mbwa. Mbwa mkali, kibao kilichopigiliwa getini. Mbwa koko, asiye na mwenyewe. Jibwa, neno linalokutisha kwa ngeli yake kabla hujamwona mnyama mwenyewe. Lugha imemtazama mbwa kama hatari inayokuja, na siilaumu: hadi leo ugonjwa huo unaua watu vijijini Tanzania na Kenya, na aliyeumwa anahitaji jina la kumkimbiza zahanati, si la kumhurumia aliyemuuma.

Sasa msamiati huo umehamia Texas. Fort Worth, Dallas na Houston zina wasemaji wengi wa Kiswahili: familia za wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, Wakenya na Watanzania waliofuata masomo na kazi. Miaka michache ikipita, watoto wanaleta mbwa nyumbani. Analala sebuleni, ana kadi ya chanjo, ana jina, mara nyingi Simba au Tommy, kama mbwa wa kwao. Hatari haitoki kwake tena, inamjia yeye. Na akizidiwa usiku, mzazi anayesema Kiswahili cha Bukavu, ambako mbwa ni imbwa, anamtegemea mtoto wa shule amfasirie anachosema daktari kwenye simu. Mtoto neno la Kiingereza analijua, la Kiswahili hana. Analitunga papo hapo.

Wanafunzi wa isimu hukariri PEGITOSCA, vigezo vya mtaalamu Kiingi vya kupimia istilahi: iwe na maana moja, iwe fupi, iwe angavu, isiwe ya aibu, ikaribiane na ya kimataifa, na kuendelea. Ni vigezo vizuri mezani. Kwa dharura mimi ningeongeza kimoja ambacho sijakiona katika orodha hizo: mtu akilisikia neno, mikono yake ijue pa kuanzia. Neno laweza kupita mbele ya wataalamu wote wa BAKITA na bado likamwacha mama wa watu amesimama na simu mkononi.

Tuanze na joto, maana Texas huanza nalo. Mwaka 2011 eneo la Dallas–Fort Worth lilipata siku 71 zenye joto la nyuzi 37.8 za Selsiasi au zaidi, zile ambazo wenyeji huziita siku za mia kwa kipimo chao cha Farenhaiti. Houston ina adha nyingine: unyevu wa Ghuba ya Meksiko, ule ambao mtu wa Dar es Salaam anaujua mwezi wa Februari bila kuelezwa. Unyevu ndio mbaya zaidi kwa mbwa. Yeye hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipooza kwa kuhema, unyevu wa ulimi na njia ya pumzi ukikauka na kuondoka na joto. Hewa ikiwa imeshajaa maji, ulimi haukauki. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likivuka 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Hali hiyo siku hizi inaandikwa kiharusi cha joto. Silipendi neno hili, na si kwa sababu ya ugeni tu. Kiharusi kwa msikilizaji wa Kiswahili ni mdomo kupinda, ni mkono na mguu wa upande mmoja kukosa nguvu. Ukimwambia baba wa nyumba kwamba mbwa ana kiharusi atamtazama miguu. Atataka kumkanda. Na sisi tunakanda kwa nini? Kwa maji ya moto. Istilahi iliyotafsiriwa kwa uaminifu kabisa inaweza kumwua mnyama kwa beseni.

Kupigwa na jua ni neno la zamani na lina ladha zaidi, ila linalitupia jua lawama zote. Mbwa aliyefungiwa ndani ya gari hahitaji jua kali ili afe. Siku ya nyuzi 22 tu, siku ambayo mtu wa Arusha angeiita nzuri, joto ndani ya gari lililofungwa laweza kupanda nyuzi 22 nyingine ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya hizo hupanda katika nusu saa ya kwanza. Mwenye gari ameegesha kivulini, ameingia dukani mara moja, ameacha kioo wazi kidogo. Hakuna jua lililompiga mtu. Neno linamtuliza pale ambapo lilipaswa kumshtua.

Ninalochagua ni kuzidiwa na joto. Katika kila nyumba ya Mswahili, mgonjwa amezidiwa ni sentensi isiyosubiri asubuhi. Watu wanatafuta gari. Hatukulitunga, tumelikuta likifanya kazi, tunaliongezea mgonjwa mmoja. Na kando yake liwekwe neno la dalili, ambalo Kiswahili kinalo zuri mno: kutweta. Kuhema ni kwa kila siku, mbwa huhema akicheza. Kutweta ni pumzi zinazofukuzana, ulimi umetoka wote, mate yamekuwa mazito. Kila aliyesoma madrasa anaijua hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa akitweta na kulamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha, akasamehewa dhambi zake. Katika pwani ambako mate ya mbwa ni najisi na mbwa hukaa nje, picha kubwa ya huruma kwa mnyama ni ya mbwa huyohuyo, na dalili iliyotajwa ndiyo ileile anayoiulizia daktari wa dharura wa Houston.

Kwa aliyezidiwa na joto, poza kwanza, safirisha baadaye. Kivulini, maji ya baridi ya bomba mwili mzima, feni au kiyoyozi kikimpulizia, kisha gari. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha, maana likishapata joto linakuwa blanketi. Mbwa wenye pua bapa ndio wa kwanza kuzidiwa, hata kabla ya saa sita mchana. Na lami nayo ipimwe kwa kuiwekea mgongo wa mkono: usipoweza kuvumilia sekunde saba, nyayo zake hazitaweza.

Sheria ya Texas imelifikia suala hili kwa kuchelewa. Gavana Greg Abbott aliupinga muswada wa mbwa wa nje mwezi Juni 2021, watu wakamjia juu, akausaini mwingine uliofanana nao mwezi Oktoba, ukaanza kutumika tarehe 18 Januari 2022. Unakataza mnyororo kwa mbwa aliyeachwa nje, unataka kivuli, maji na banda linalomwezesha kusimama wima, kugeuka na kulala. Uliondoa pia sharti la zamani la afisa kutoa ilani na kungoja saa 24 kabla ya kuchukua hatua. Kwa familia iliyozoea kumfunga mbwa mchana na kumfungulia usiku awe mlinzi, hapa maneno mnyororo na banda yamebadilika maana kisheria, na hakuna aliyewaambia.

Joto angalau linaonekana. Ugonjwa unaonisumbua zaidi kiistilahi hauonekani, nao ni minyoo ya moyo. Jina ni angavu kwa macho ya mtunga kamusi, lakini ndani yake mna mtego. Kwetu minyoo ni ya tumbo. Mtoto akivimba tumbo hupewa dawa ya minyoo, vidonge vya bei nafuu, mara moja kila miezi kadhaa, na yameisha. Mhamiaji wa Houston anayeambiwa mbwa wake anahitaji dawa ya minyoo ya moyo anasikia dawa ya minyoo, ananunua kitu cha tumbo, na dhamiri inatulia. Kumbe mnyoo huu haukupita kinywani. Umeletwa na mbu, na nchi ya mabwawa na joto kandokando ya Ghuba ina mbu takriban mwaka mzima. Mnyoo mchanga huchukua kama miezi sita kukomaa. Mnyoo mkubwa wafikia sentimita 30, unakaa katika mishipa mikubwa ya mapafu na moyo, na waweza kuishi miaka mitano hadi saba. Kuutibu ni kwa sindano za dawa yenye aseniki, na mbwa akae kimya miezi, asikimbie, asiruke, kwa kuwa minyoo iliyokufa hukatikakatika na kuziba mishipa.

Nini kifanyike na jina? Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa habari za minyoo ya mbu. Wana matende na mabusha. Minyoo inayoyaleta ni ndugu wa huu wa mbwa, mbu ni njia ileile, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania imekuwa ikigawa dawa kwa jamii nzima, ikiwamo ivermektini. Dawa za kila mwezi wanazopewa mbwa wa Texas, nyingi ni ivermektini hiyohiyo au jamaa zake. Na ugawaji ule ulituachia neno ambalo kamusi nyingi bado zimelipita: kingatiba. Dawa anayopewa mzima ili asiugue. Mwambie mama wa Tanga, huyu mbwa ameze kingatiba ya minyoo ya mbu kila mwezi, na ameshaelewa yote: kwamba haingoji dalili, kwamba mwezi haurukwi, kwamba si ile ya tumbo. Moyo umetoka katika jina, na sijutii. Moyo unaonyesha mnyoo unapoishia, mbu anaonyesha pa kuukatia njia. Jambo moja tu lisisahauliwe: kipimo cha damu kabla ya kuanza. Tena ivermektini ya ng'ombe, ile ya chupa, isimwagwe kinywani mwa mbwa. Kipimo chake ni cha mnyama wa kilo mia kadhaa, na baadhi ya mbwa, hasa aina ya koli, wana maumbile yasiyoivumilia dawa hiyo ikizidi.

Nikiwa hapo kwa ng'ombe: daktari wa mifugo ni jina ambalo Fort Worth ingelipenda, mji uliojengwa na mnada wa ng'ombe na unaojiita hadi leo mji wa ng'ombe. Mwenye mbwa, hata hivyo, ajue kwamba daktari wa mifugo wa mashambani na kliniki ya dharura inayofunguliwa usiku si mlango mmoja. Namba ya ile ya usiku iandikwe kabla ya usiku.

Kisha hali ya hewa. Kiswahili cha magazeti kina kimbunga kwa kila upepo unaozunguka. Kimbunga Hidaya kilichokaribia pwani ya Tanzania Mei 2024 ni kimbunga. Kile kilichopita kaskazini mwa Dallas usiku wa tarehe 20 Oktoba 2019 nacho magazeti yetu yangekiita kimbunga. Kwa msomaji wa Dodoma haidhuru. Kwa mwenye mbwa kati ya miji hii miwili tofauti yake ni ya saa na dakika. Kimbunga cha Houston hutangazwa siku kadhaa kabla: una muda wa kununua chakula, kujaza maji, kutafuta hoteli inayopokea wanyama. Cha Dallas kinakupa dakika. Ningependa tukirudishie hiki cha pili jina la kisulisuli, au chamchela kama wasemavyo wengine. Najua pingamizi: chamchela ni kale kavumbi kanakozunguka uwanjani mchana, ambako watoto huambiwa kana shetani. Lakini umbo ni lilelile, na umbo ndilo linaloonekana dirishani.

Ngazi za tangazo nazo huvurugwa. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ina neno moja la kusema hali inaruhusu jambo kutokea na jingine la kusema limeshaonekana, linakuja. Watoto wanayafasiri yote mawili onyo. Hapa hatuna haja ya kutunga. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imeshatufanyia kazi kwa ngazi zake za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Angalizo: mbwa aingie ndani, avae mkanda wa shingoni, kizimba chake kiwekwe karibu na chumba kisicho na madirisha. Tahadhari: awe keshaingia. Mvua ya mawe, ambayo katika majira ya kuchipua huko Dallas huvunja vioo vya magari, haina shida ya jina. Wahenga walilimaliza.

Kimbunga Harvey kiliingia Texas tarehe 25 Agosti 2017 na kukwama. Mji wa Nederland, mashariki ya Houston, ulipimwa mvua ya milimita 1,539. Watu walitoka majumbani wakiogelea na mbwa mabegani, na jumba la mikutano la George R. Brown katikati ya Houston likawapokea watu na mbwa wao. Haikuwa hivyo siku zote. Katika kimbunga Katrina cha 2005 wengi walikataa kuokolewa kwa sababu mashua hazikuchukua wanyama, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria inayotaka mipango ya uokoaji ya majimbo na miji iwahesabu wanyama wa nyumbani. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Houston ya 2017 ilikuwa haina ufuko.

Maji yakipungua, ugonjwa unabaki, na jina lake zuri limetoka Lindi. Julai 2022 watu wa Ruangwa mkoani humo waliugua homa, wakatokwa damu puani, wengine wakaanguka. Waziri wa Afya Ummy Mwalimu akatangaza kwamba ni homa ya mgunda. Mgunda ni shamba. Vijidudu vyake vinatoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, vinakaa katika maji na tope, vinaingia kwenye michubuko ya ngozi. Mbwa anayekunywa dimbwi la mafuriko kando ya vijito vya Houston anaweza kuupata, ukamharibu figo na ini, kisha mkojo wake ukamwambukiza anayemsafishia. Houston haina migunda, na mtu mkali wa vigezo angesema jina halifai. Mimi ningeliacha lilivyo. Chanjo ya mbwa ipo, na mzazi aliyesikia habari za Lindi redioni hatauliza kwa nini avae glavu.

Sumu hazinichukulii muda mrefu, isipokuwa mbili zinazofundisha jambo kuhusu istilahi. Ya kwanza ni ile sukari isiyo sukari, zailitoli, iliyomo katika jojo na baadhi ya siagi za karanga: inamshusha mbwa sukari ya damu kwa dakika, na ini huweza kufuata. Mtindo wetu wa kuyavisha maneno ya kigeni irabu za Kiswahili hapa unadhuru, kwa kuwa anayelisoma zailitoli gazetini hatalitambua kwenye kibandiko, ambako linaanza kwa X, herufi ambayo alfabeti yetu haina. Mwonyeshe mtu herufi hiyo. Ni salama kuliko tafsiri yoyote.

Ya pili ni mmea wa bustani za Houston unaofanana na mnazi uliokataa kurefuka. Wahamiaji huuita mnazi mdogo, au mtende. Sio. Pwani ya Afrika Mashariki ina ndugu yake, na jina lake lipo: mtapo. Mbegu zake ndizo kali zaidi. Chache tu zaweza kumwangamiza mbwa kwa ini. Anayeujua mtapo hatamwacha mbwa autafune akidhani ni kuti.

Wale wadudu wekundu wanaojenga vichuguu nyasini si siafu, ingawa kila mtu anawaita hivyo. Siafu huhama kwa misururu; hawa wanakaa na kungoja. Kwa jinsi wanavyochoma, majimoto wa miembeni ndio wanaokaribia. Nyoka wa vichaka vya Dallas mwenye rangi ya shaba ni wa ukoo wa kifutu, na sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama: usifunge kamba, usichanje, wala usitafute jiwe la nyoka. Mbebe mbwa, asitembee, mpeleke. Na fataki za tarehe 4 Julai, neno ambalo Tanzania liligeuka jina la mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule, huku ndizo zinazowafanya mbwa waruke uzio wakapotea. Chipu ya utambulisho, ukubwa wa punje ya mchele chini ya ngozi, Dallas inaitaka kisheria. Lakini haionyeshi mbwa yuko wapi, inabeba namba tu ya kusomwa na mashine. Anayeiita kifaa cha kufuatilia atakaa nyumbani akisubiri.

Februari 2021 umeme ulipokatika sehemu nyingi za Texas, Dallas–Fort Worth ikashuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Huko maneno yanatuishia kabisa, na sioni aibu. Kupoa mwili kunatosha. Kilicho hatari zaidi ni dawa ya gari ya kuzuia kuganda, ile mafundi wetu wanayoiita maji ya rejeta: si maji, yana utamu, na mbwa akiyalamba sakafuni gereji figo zake zina saa chache.

Limebaki tumbo. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu hupatwa na jambo ambalo tumbo linajaa hewa kisha linajizungusha, likafunga kinywa chake na mishipa yake. Kiswahili kina msokoto wa tumbo tangu zamani, nao kwetu ni maumivu ya kawaida, ya maembe mabichi. Ukisema tumbo linamsokota, umesema kweli kabisa na hakuna atakayekimbia. Nimelitafutia neno jingine na kila nililolipata lilikuwa tafsiri ya kitabu. Basi mwenye mbwa aseme anachokiona: tumbo limekaza, anajikakamua kutapika na hakitoki kitu. Mpokezi wa kliniki ya usiku akisikia hayo haulizi zaidi, anawaambia njooni sasa hivi, na anamwamsha daktari wa upasuaji.